Safari ya Kwanza ya Madagaska: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Katika masimulizi ya wazee wa mwambao wa Afrika Mashariki, Madagaska huitwa Bukini, nchi ya ng'ambo ambako majahazi yalikwenda na kurudi kwa misimu ya pepo. Leo ni Waswahili wachache wanaofika huko kwa matembezi, na wengi wa hao wachache hurudi wamechoka kwa sababu walitaka kuona kila kitu. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya msafiri anayetoka Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar. Yameegemea rai moja, kwamba Madagaska hupangwa kwa kuchagua njia moja na kuifuata hadi mwisho, wala haipangwi kwa orodha ya vivutio vilivyotawanyika kisiwa kizima.

Je, wiki mbili zinatosha kukizunguka kisiwa chote?

Hazitoshi, na hata mwezi mzima hautoshi. Madagaska ina eneo la takriban kilomita za mraba 587,000, yaani ni kubwa kuliko Kenya kwa kiasi kidogo, na kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini ni kama kilomita 1,600. Kwa kuwa ni kisiwa, msafiri huitazama ramani na kudhani kwamba ataishi ufukweni na kuchungulia milimani kwa siku moja, ilhali barabara za lami ni chache, nyingi kati ya hizo zina mashimo, na zile za udongo hazipitiki kabisa wakati wa mvua. Kilomita 200 zinaweza kumeza siku nzima. Mwenye wiki mbili achague eneo moja, na mwenye siku kumi achague sehemu ya eneo hilo.

Nianze na njia ipi?

Kwa anayevutiwa zaidi na watu na mila zao, njia bora ni ile inayofuata barabara kuu ya RN7, kutoka Antananarivo hadi Toliara kwenye pwani ya kusini-magharibi, umbali wa zaidi ya kilomita 900. Sababu ni kwamba katika barabara hiyo moja unapita katika nchi za watu tofauti kwa mpangilio unaoeleweka, na mabadiliko unayaona kwa macho kupitia dirisha la gari.

Unaanza kwa Wamerina wa Antananarivo, mji uliojengwa juu ya vilima kwenye kimo cha karibu mita 1,280, ambao wenyeji huuita Tana tu. Ukipita Antsirabe, mji wa baridi na wa mikokoteni ya kuvutwa na watu, nyumba za matofali mekundu zenye ghorofa moja na roshani za mbao zinaanza kuambatana na mashamba ya mpunga yaliyochongwa kwenye miteremko kama ngazi. Hapo umeingia kwa Wabetsileo. Mji wa Ambositra ni wa wachonga mbao, na katika milima ya mashariki yake wanaishi Wazafimaniry, ambao ustadi wao wa kuchonga milango na madirisha kwa nakshi za maumbo unatambuliwa na UNESCO. Baada ya Fianarantsoa unafika Ambalavao, na hapo ni vyema upange kuwapo siku ya Jumatano, siku ya mnada wa ng'ombe. Wachungaji, wengine wakiwa wamejitanda blanketi mabegani na fimbo mkononi, hufika na makundi waliyoyaswaga kwa miguu kutoka mbali kusini. Mnunuzi huzunguka ng'ombe wa nundu mara kadhaa, akapapasa nundu kupima unono, halafu huanza mazungumzo marefu ya bei ambayo mgeni asiyejua lugha anaweza kuyafuata kwa kutazama nyuso tu.

Kuanzia hapo miti inapotea, nyasi zinatanda, nawe uko katika nchi ya Wabara, wafugaji ambao kwa desturi kijana wao alithibitisha uanaume wake kwa kuiba ng'ombe. Huko ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Isalo, yenye magenge ya mawe ya mchanga na makaburi yaliyofichwa mapangoni, na kidogo mbele yake upo mji wa Ilakaka, ambao haukuwa chochote hadi yakuti samawi ilipogunduliwa miaka ya mwisho ya 1990. Kituo cha mwisho ni pwani ya Wavezo, wavuvi wa ngalawa zenye ubao mmoja wa kuegemea majini, ambapo Mswahili atajikuta tena katika harufu anayoijua.

Anayetaka kuanza na mahali pasipo pageni sana kwake anaweza kwenda Mahajanga, kaskazini-magharibi, kama kilomita 570 kutoka Tana kwa barabara. Mji huo ulikua kwa biashara ya Bahari ya Hindi, una misikiti, una familia za Wahindi wenye asili ya Gujarat na jamii ya Wakomoro, ingawa wengi wa Wakomoro walihamishwa baada ya mauaji ya Desemba 1976, jambo ambalo wazee wa pande zote mbili hawajalisahau. Jioni watu hukusanyika ufukweni karibu na mbuyu mkubwa wa kale, wakala mishkaki iliyochomwa hapo hapo pamoja na achari ya embe, na atakayedhani yuko Forodhani hatalaumiwa.

Kaskazini (Antsiranana na Nosy Be) na mashariki (Andasibe, Toamasina na kisiwa cha Sainte-Marie) ni njia nzuri pia, lakini ya kwanza huwavuta zaidi wapenda fukwe na ya pili wapenda misitu na nyangumi.

Niende mwezi gani?

Kati ya Mei na Oktoba. Msimu wa vimbunga huanza Novemba hadi Aprili, na miezi mibaya zaidi ni Januari hadi Machi. Kimbunga Batsirai cha Februari 2022 na Gamane cha Machi 2024 ni mifano ya karibuni ya yale ambayo pwani ya mashariki na kaskazini hupitia. Katika miezi hiyo njia za magharibi, kwa mfano ile ya kwenda kwenye mawe makali ya Tsingy de Bemaraha, hufungwa kwa matope. Nyangumi huonekana Sainte-Marie hasa kati ya Julai na Septemba.

Jambo moja huwashangaza watu wa pwani: nyanda za juu zina baridi kali. Usiku wa Julai mjini Antsirabe unaweza kukaribia nyuzi sifuri, na nyumba nyingi za wageni hazina kipasha joto. Beba sweta nzito, wala si kikoi.

Ninahitaji viza na chanjo gani?

Watalii wa mataifa mengi, yakiwemo ya Afrika Mashariki, hupewa viza wanapotua katika uwanja wa Ivato, au huanza maombi kwa intaneti kabla ya safari. Ada hubadilika, kwa hiyo angalia tovuti rasmi wiki chache kabla, na hakikisha pasipoti ina muda wa miezi sita mbele na kurasa tupu. Anayetoka katika nchi yenye hatari ya homa ya manjano, Kenya na Uganda zikiwamo, huombwa cheti cha chanjo. Hata wewe unayetoka Tanzania kibebe, kwani ukipitia Nairobi au Addis Ababa hutataka kubishana na afisa kuhusu saa ulizokaa uwanjani.

Nifikeje, na nisafirije nikiwa ndani?

Ndege za moja kwa moja zipo kutoka Nairobi na Addis Ababa, na kutoka Nairobi ni mwendo wa saa tatu na ushee. Saa za Madagaska ni zile zile za Afrika Mashariki.

Ndani ya nchi chaguo ni tatu. La kwanza ni "taxi-brousse", basi dogo la abiria ambalo huondoka likijaa, hupanga mizigo juu hadi kimo cha kutisha, na halina tofauti kubwa na matatu au daladala ya safari ndefu isipokuwa kwa uvumilivu wa abiria wake. Ni rahisi kwa bei na hukutanisha na watu kuliko chombo kingine chochote. La pili ni kukodi gari pamoja na dereva, na hili ndilo ninalolipendekeza kwa safari ya kwanza ya watu watatu au wanne, kwa sababu dereva mzuri ni mkalimani, mlinzi na mshauri wa mila kwa wakati mmoja. Magari hupita upande wa kulia wa barabara. Kwa hiyo hata ukiwa unatembea kwa miguu, angalia kushoto kwanza kabla ya kuvuka. La tatu ni ndege za ndani, ambazo huokoa siku nyingi lakini ni ghali na ratiba zake hubadilishwa mara kwa mara. Usipange ndege ya ndani na ile ya kurudi nyumbani katika siku moja.

Fedha zinakwendaje?

Sarafu ni ariari. Noti kubwa kuliko zote ni ya 20,000, na kwa kuwa thamani yake ni ndogo, atakayebadilisha yuro mia kadhaa atatoka benki na bunda la noti linalohitaji mfuko wake. Yuro hubadilishwa kwa urahisi kuliko fedha nyingine. Shilingi zetu usizitegemee. Mashine za kutolea fedha zipo mijini, ila ukiondoka kwenye miji mikubwa uwe na noti za kutosha, tena nyingi ziwe ndogo.

Kuna mtego mmoja wa sokoni unaostahili kuelezwa. Ariari ilichukua nafasi ya faranga ya Madagaska kuanzia mwaka 2003, na ariari moja ni sawa na faranga tano za zamani. Vijijini, na hata kwa wachuuzi wazee wa mijini, bei bado hutajwa kwa faranga. Muuza ndizi akikutajia bei inayokushtua, usimwone mwizi. Uliza kwanza kama anahesabu kwa faranga au ariari, kisha gawanya kwa tano. Mara nyingi mambo huishia kwa kicheko.

Pesa za simu zimeenea, lakini huduma ya M-Pesa haipo. Laini ya simu hununuliwa kwa kuonyesha pasipoti, na msafiri wa Tanzania atakuta jina la Yas kwenye mabango ya huko, kwa kuwa kampuni mama ya mtandao huo, Axian, ina asili yake Madagaska. Soketi za umeme ni za matundu mawili ya duara kama za Ufaransa. Beba adapta, na taa ya tochi pia, kwani umeme hukatika.

Nitazungumza lugha gani?

Kimalagasi na Kifaransa ndizo lugha rasmi. Kiingereza kiliwahi kuwa lugha rasmi kati ya 2007 na 2010, lakini nje ya hoteli za watalii hakitakufikisha mbali. Kiswahili hakizungumzwi, ingawa kwa Wakomoro wa Mahajanga unaweza kuambulia maelewano. Jifunze maneno machache ya Kimalagasi: "manao ahoana" kwa salamu ya nyanda za juu, "salama" kwa salamu ya pwani na kaskazini, "misaotra" kwa kushukuru, na "azafady" kwa kuomba radhi au kuomba njia. Hili la mwisho ndilo litakalokusaidia kuliko yote. Mmalagasi anapopita mbele ya watu waliokaa huinama kidogo, hunyoosha mkono wa kulia chini mbele yake na kulitamka neno hilo. Mgeni afanyaye hivyo huonekana amelelewa.

Kwa nini inasemwa kuwa Wamalagasi ni watu mbalimbali, ilhali wote huzungumza lugha moja?

Lugha ni moja, ikiwa na lahaja nyingi, na ndugu yake wa karibu ni Kimaanyan kinachozungumzwa kusini mwa kisiwa cha Borneo. Mababu wa watu hawa walitoka Asia ya Kusini-Mashariki na pia bara la Afrika, kisha wakaja Waarabu, Waswahili, Wahindi na Wazungu. Serikali hutambua makabila 18, lakini idadi hiyo huficha mengi kuliko inavyoonyesha. Watemoro wa kusini-mashariki walihifadhi maandiko ya Kimalagasi kwa herufi za Kiarabu, yanayoitwa sorabe. Wasakalava wa magharibi huheshimu masalio ya wafalme wao, nayo huoshwa katika sherehe kubwa, na roho za wafalme hao huaminiwa kuwapanda watu katika ibada ya tromba. Wamahafaly wa kusini husimamisha nguzo za mbao zilizochongwa juu ya makaburi. Wapo pia Wamakoa, ambao ni wazao wa watumwa waliovushwa kutoka Msumbiji. Utumwa ulikomeshwa rasmi mwaka 1896, lakini mazungumzo kuhusu asili ya mtu bado ni nyeti, na mgeni asiyaanzishe yeye.

Hapa ndipo hoja ya kuchagua njia moja inapopata uzito wake. Adabu ya Wamerina si adabu ya Wavezo, na anayeruka kwa ndege kutoka eneo moja hadi lingine kila baada ya siku mbili hufika kila mahali akiwa bado anazifuata kanuni za mahali alipotoka.

Miiko ya "fady" ni nini, na itanihusu mimi?

Itakuhusu. Fady ni mwiko uliowekwa na mababu, na huweza kuwa wa kijiji, wa ukoo, wa mahali au hata wa mtu mmoja. Kuna vijiji ambako shamba la mpunga haliguswi siku maalumu za wiki, sehemu ambako nyama ya nguruwe haivuki mpaka wa mahali patakatifu, na maziwa ambayo hayaogelewi. Katika misitu ya mashariki, Wabetsimisaraka wengi hawamuui indri, lemuri (mnyama wa mitini afananaye na kima) mkubwa kuliko wote waliopo, kwa imani kwamba ana undugu na binadamu. Mwiko huo umemlinda kuliko sheria nyingi.

Kwa mgeni, mambo machache hujirudia. Usinyooshe kidole kuelekea kaburi. Kunja kidole au onyesha kwa kiganja. Katika nyumba za jadi, pembe ya kaskazini-mashariki ni ya mababu, kwa hiyo usiweke viatu wala mkoba hapo. Ukizuru kilima cha kifalme cha Ambohimanga, kilichoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, usibebe chochote chenye nguruwe, na katika nyumba ya mfalme Andrianampoinimerina utaambiwa uingie kwa mguu wa kulia na utoke kinyumenyume, ili usiipe mgongo. Kila unapofika mahali papya, muulize mwenyeji wako kuna fady gani. Swali hilo halimuudhi mtu yeyote, na huwa mlango wa mazungumzo mazuri.

Je, ninaweza kuhudhuria "famadihana", sherehe ya kuwafunika marehemu sanda mpya?

Unaweza, ukialikwa. Sherehe hii hufanyika nyanda za juu, kwa Wamerina na Wabetsileo, katika miezi mikavu ya Juni hadi Septemba. Kaburi la ukoo hufunguliwa baada ya miaka kadhaa, mabaki ya marehemu hutolewa, huzungushiwa sanda mpya za hariri, hubebwa na jamaa wakicheza kwa tarumbeta na ngoma, kisha hurudishwa. Hotuba ni ndefu, chakula ni kingi na pombe ya kienyeji pia. Kwa Mwislamu au Mkristo wa Afrika Mashariki jambo hili huweza kugusa imani yake, na makanisa kadhaa ya huko kwenyewe hulipinga. Hakuna aibu kukataa mwaliko kwa upole. Ukikubali, toa mchango wa fedha katika bahasha kama jamaa wengine wanavyofanya, kwani gharama ya shughuli ni kubwa, na usipige picha hadi mkuu wa familia aruhusu. Sherehe inayouzwa kwa tiketi kwa watalii iache.

Nitakula nini, na Mwislamu atapata chakula halali?

Utakula wali asubuhi, mchana na jioni. Mboga huwa kidogo pembeni: mchuzi wa nyama na majani uitwao romazava, maharage, au ravitoto, ambayo ni kisamvu. Mwislamu awe mwangalifu na ravitoto, kwa kuwa kawaida hupikwa na nguruwe. Katika miji ya kaskazini na Mahajanga migahawa ya Waislamu ni rahisi kupatikana. Katika nyanda za juu kuna michache mijini, na kwingineko samaki na mayai ndiyo suluhisho. Kifungua kinywa cha mtaani ni mofo gasy, vitumbua hasa, vinavyokaangwa kwenye vyuma vyenye vishimo juu ya makaa. Baada ya chakula huletwa ranovola, maji ya moto yaliyochemshwa katika sufuria yenye ukoko wa wali ulioungua kidogo. Kwa kuwa yamechemshwa, ni salama kuliko maji ya bomba.

Hali ya usalama ikoje?

Oktoba 2025 jeshi lilichukua madaraka baada ya maandamano ya vijana yaliyoanza kwa kero ya maji na umeme, na Rais Andry Rajoelina akaondoka nchini. Fuatilia habari kabla ya kukata tiketi, na epuka mikusanyiko. Mbali na siasa, kanuni kuu ni kutosafiri barabarani usiku, kwa sababu ya majambazi wanaoitwa dahalo katika maeneo ya kusini na magharibi, na kwa sababu ya barabara zenyewe. Katika soko la Analakely mjini Tana, wachomozi hufanya kazi kwa ustadi. Simu iwe mfuko wa ndani.

Na afya?

Malaria ipo, hivyo tumia dawa za kinga na chandarua hata kama nyumbani umezoea kuipuuza. Tauni hujitokeza karibu kila mwaka katika nyanda za juu, hasa kati ya Septemba na Aprili, na mlipuko wa 2017 ulikuwa na visa zaidi ya 2,300. Hutibika kwa antibiotiki ikiwahiwa, kwa hiyo homa ya ghafla isisubiriwe ipoe. Nunua bima inayogharimia kusafirishwa kwa ndege.

Ninaweza kurudi na zawadi gani?

Kitambaa cha lambahoany kitamfurahisha yeyote nyumbani, kwani ni ndugu wa kanga na kina methali iliyochapwa chini yake. Muulize muuzaji maana kabla ya kumnunulia mama mkwe. Karatasi za Watemoro zilizopambwa kwa maua makavu, hariri ya Ambalavao na vanila pia hubebeka, ingawa vanila na mawe ya vito yana masharti ya forodha, na risiti ya duka ni lazima uitunze. Kobe, lemuri, mbao za thamani kama rosewood na mabaki ya kale ya viumbe usiviguse, hata ukipewa bure na hata ukiambiwa kwamba mjomba wa muuzaji yuko uwanja wa ndege. Ariari zilizobaki zibadilishe kabla ya kupita ukaguzi wa pasipoti, kwa sababu nje ya Madagaska hutapata wa kuzipokea.